Kujisemesha kwa Imani

Anayejiambia kila siku kwamba hafai hatibiwi kwa kujisifu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walionyesha kuwa wanaojidharau walijisikia vibaya zaidi baada ya kurudia kwamba wao ni wa kupendwa. Moyo haukubali usichoamini. Kauli ya imani haidai kuwa mimi ni hodari. Inasema Mungu hajaniacha. Waumini wa Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Kagera walianza kwa kukiri udhaifu, ndipo wakashika neema. Je, kujisemesha huku ni kujidanganya? Kungekuwa hivyo kama kauli ingekana shida. Zaburi ya 42 huihoji nafsi bila kuficha machozi. Na sonona ikizidi, mtu aende hospitali: sala na dawa havigombani.