Almasi yenye kasoro, na chuma cha malaria

Anayenunua almasi akiona doa ndani yake hushusha bei. Ndivyo ilivyo hata kwa almasi za Mwadui, Shinyanga, mgodi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Lakini wapo wanasayansi wanaoitaka almasi kwa sababu ya kasoro yake. Kwa nini?

Almasi ni atomu za kaboni zilizopangwa kwa utaratibu. Katika kasoro hii, atomu moja ya kaboni imekosekana, na nafasi ya jirani imeshikwa na naitrojeni. Kwenye pengo hilo kuna elektroni zinazotenda kama sindano ndogo mno ya dira. Ukilimulika kwa mwanga wa kijani, pengo hutoa mwanga mwekundu. Ukilirushia mawimbi ya maikrowevu ya gigahezi 2.87, wekundu hufifia. Pakiwa na sumaku karibu, masafa hayo huhama. Sumaku ikizidi nguvu, nayo huhama zaidi. Kwa hiyo nguvu ya sumaku, isiyoonekana kwa macho, husomwa katika mwanga.

Ili kupata picha, maabara hutengeneza kipande bapa cha almasi chenye mapengo mengi karibu na uso wake. Kitu huwekwa juu yake, kamera husoma mwanga wa kila nukta, na ramani ya usumaku hupatikana. Haihitajiki baridi kali wala ombwe, ndiyo maana mwaka 2013 watafiti waliweza kuchora usumaku wa bakteria walio hai.

Jambo hili linatugusaje? Sisi wa Mazwi, kwenye baridi ya Ufipa, twajua kwamba anayeshuka bonde la Ziwa Rukwa huenda akarudi na malaria. Kimelea chake hula himoglobini ya damu. Mabaki yenye chuma ni sumu kwake, hivyo huyageuza kuwa fuwele ndogo ziitwazo hemozoini, zenye usumaku hafifu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, na wenzao walipima kwa almasi usumaku wa fuwele hizo, moja moja.

Hicho bado ni chombo cha utafiti, si kipimo cha zahanati. Mwenye homa leo asingoje almasi: awahi kupimwa kwa kipimo cha haraka au hadubini. Ila tujifunze kwamba pengo dogo, lililohesabiwa kuwa hasara, limekuwa jicho.