Ulinunua kisu au kioo?

Naomba usicheke, mpenzi msomaji. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikunji mpaka mwisho. Nikishika kikombe cha chai kinabaki kimechomoza pembeni, na washkaji wa kijiweni wameshanibatiza jina: Malkia. Wanadhani ni maringo. Wapi! Ni kisu bwana, tena kisu kipya, nilichokinunua mwenyewe kwa pesa zangu.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu, Kilwa Masoko. Si unajua kijana wa Dar akifika kwao, lazima aonyeshe kwamba mjini hakukaa bure. Nilikuwa na kisu nilichokichukua kwa machinga siku ya safari, kinang'aa utadhani kimetoka kuoshwa na malaika. Uani akina mama walikuwa na beseni la kolekole, wengine wakubwa kama mapaja. Nikasema, "Shangazi, pumzika, niachie mie." Shangazi akanitazama, akakitazama kisu, akanyamaza. Kunyamaza kule ningekuelewa, leo ningekuwa nashika kikombe kama watu.

Nikaweka kisu shingoni mwa samaki, nikakandamiza. Mfupa ukagoma. Nikaongeza nguvu. Ghafla mpini ukabaki mkononi, chuma kikageuka na kunipitia kiganja cha kushoto kilichokuwa kimeshika samaki. Nyuzi 6. Daktari akaniambia kisu kilikuwa kimegusa kano la kidole, na kano si ngozi, halijirudii kirahisi. Harusi nzima nilikaa mkekani mkono umefungwa bandeji nyeupe, wasichana wakiniuliza kama na mimi nimeolewa.

Kesho yake shangazi akaja barazani na vile vipande viwili. "Baba," akaniambia, "wewe hukununua kisu. Ulinunua kioo."

Akanionyesha. Chuma kile cha ndani, kinachozama kwenye mpini, kinaitwa msuka. Wa kwangu ulikuwa mfupi kama kucha ya dole gumba, umebandikwa kwa gundi ndani ya plastiki. Wa kwake ulikwenda mpaka mwisho wa mpini, umepigiliwa misumari mitatu. Hapo ndipo kisu kinapokaa au kinapokufa, na ndipo mahali ambapo mnunuzi haoni! Sisi wa mjini tunapitisha kidole kwenye makali, tunajitazama meno kwenye bapa, tunalipa. Msuka nani anauliza?

Visu vingine msuka wake ni mwembamba, umechomekwa tu kwenye mti. Hivyo si vibaya, ila lazima viwe na noleo, ile pete ya chuma inayobana mpini pale chuma kinapoingia. Bila noleo mti unapasuka, na mti ukipasuka umekwisha.

Mpini wa kisu cha shangazi ni mpingo. Kilwa mpingo si kitu cha kushangaza, ndio mti wao. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani humo vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao yenye mti huu, ambao Wazungu wanautaka kwa kutengenezea zumari zao za bei mbaya. Ni mti mzito, ukiutupa majini unazama. Ndiyo maana kisu kile ukikishika unahisi uzito uko kiganjani, hakikuvuti mbele.

Basi akaniita uani nimtazame akifanya kazi, mkono wangu ukiwa kwenye bandeji. Jamani! Mimi nilikuwa nadhani kisu ni makali tu, vingine mapambo.

Magamba hakuyaparua kwa makali. Aligeuza kisu, akatumia mgongo, kuanzia mkiani kwenda kichwani, magamba yakaruka kama bisi. Makali ukiyaparulia magamba unayaua kabla kazi haijaanza. Halafu ncha, kidogo tu, kama anachokonoa jino: akatoboa chini ya tumbo na kupandisha kuelekea kichwani bila kuzamisha, kwa sababu ndani kuna nyongo, na nyongo ikipasuka samaki mzima anakuwa mchungu.

Kisha kichwa, pale pale kiliponishinda. Mimi nilikuwa nimetumia katikati ya kisu. Yeye alitumia pembe ya nyuma ya makali, ile iliyo jirani na mpini, yeye anaiita kisigino. Kadiri makali yanavyokuwa karibu na mkono ndivyo nguvu inavyofika nyingi. Akatafuta kiungo kati ya mfupa na mfupa, akakandamiza mara moja. Tap! Kichwa hicho kwenye sufuria ya mchuzi. Samaki wengine aliwapasua kwa ng'onda, wale wa kukaushwa na chumvi juani. Huko alitumia makali yote kwa urefu wake, akivuta kutoka kisigino hadi ncha kando ya uti wa mgongo, mvuto mmoja mrefu, samaki akafunguka kama kitabu. Hakusugua kama msumeno hata mara moja. Alipomaliza akalaza kisu, akaponda vitunguu saumu kwa bapa, akakisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akakikausha. Chuma chake kinashika kutu, na hewa ya bahari haina msamaha.

Nikamuuliza mbona kisu kikali kuliko changu hakijamkata. Akacheka. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma, na kitu kinachosukumwa hakijui pa kusimama. Hata dini, akasema, inataka kisu cha kuchinjia kinolewe vizuri mnyama asiteseke, tena asinolewe mbele ya macho yake.

Kunoa nako nilikuwa sijui. Nilikuwa nasugua kwenye sakafu ya saruji, ambayo inatafuna chuma tu. Tumia kinoo kilicholowa, inua mgongo kidogo, kama nyuzi 15 hadi 20, peleka pande zote mbili sawasawa. Wewe wa geto usiye na kinoo, pindua kikombe cha kauri. Ule ukingo mkavu wa chini usiong'aa unasaidia kwa dharura.

(Wapo wanaonunua kisu kwa ajili ya urembo, sikatai. Waomani wana jambia lao lenye ala ya fedha, limo mpaka kwenye bendera yao tangu 1970. Lakini hakuna anayekatia kolekole.)

Wiki iliyopita nimepita kwa machinga mmoja. Nikachukua kisu, sikutazama makali. Nikakizungusha, nikautikisa mpini, nikauliza, "Braza, msuka wa hiki unafika wapi? Kimepigiliwa au gundi?" Jamaa akanitazama kuanzia juu hadi chini, akakitazama na kidole changu kilichosimama.

"Mshkaji, unanunua kisu au unaposa?"

Nikamrudishia kisu chake, nikadandia daladala.