Faiba Haiozi, Kinachooza ni Ubao Ulio Ndani

Boti kuukuu ya faiba iliyoegeshwa uani Umoja au Kayole jijini Nairobi, iwe ilitoka Naivasha au Kisumu, huonekana kama mzigo wa taka. Rangi imechujuka, ubavuni kuna ufa, sakafuni maji ya mvua yametuama. Lakini aliyeinunua ili airudishe ziwani kwa msaada wa watu wa nyumbani mwake ana hoja nzito kuliko majirani wanavyodhani. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, na rezini ya polyesta ikishaganda haiyeyuki tena. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki chakavu na kuzinduliwa mwaka 2018, liliwezekana kwa sababu plastiki ile ilikubali kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Boti ya faiba haikubali. Ukiichoma inatoa moshi wa sumu, ukiizika inakaa ardhini vizazi na vizazi. Kuikarabati ndiyo njia ya maana ya kuiondoa uani.

Ufundi wenyewe hauko mbali. Kwenye gereji za Kariobangi na kando ya barabara nyingi za Eastlands, vijana wanaunda bampa na mapambo ya matatu za nganya kwa faiba, na rezini wanaijua kwa harufu na kwa mkono. Ningependa kila mwenye boti awaone hao kabla hajanunua chochote. Ila kazi yao inatofautiana na hii kwa jambo moja kubwa. Bampa iliyopasuka ikijazwa pati, ikapigwa msasa na kupakwa rangi, inapendeza na inatosha. Boti inapigwa na mawimbi, inajipinda na kurudi muda wote iwapo majini. Pati haina nyuzi, kwa hiyo ikipindwa inapasuka na maji yanapenya. Pati ni ya kusawazisha uso tu, baada ya boti kurudishiwa nguvu zake.

Basi anzeni kwa masikio. Geuza bisibisi, gonga boti yote kwa mpini, hatua kwa hatua. Faiba nzima inalia kavu na kali. Palipoachana matabaka, au penye ubao uliooza, sauti inakuwa butu. Hii ni kazi ya watoto: mmoja agonge, mwingine azungushie chaki kila mahali sauti inapobadilika. Sikilizeni kwa makini zaidi ukuta wa nyuma, pale injini inapofungwa. Kwenye boti nyingi za zamani, ndani ya ukuta huo mna plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote. Maji hupenyea kwenye matundu ya bolti na kukaa humo miaka. Toboa tundu dogo kutoka upande wa ndani na utazame unga unaotoka. Ukiwa mkavu na wenye rangi ya mbao, shukuru. Ukiwa mweusi, umeloa na unanuka uvundo, plaiwudi lazima itolewe, ibandikwe mpya. Hakuna dawa ya kupaka itakayoufufua ubao huo, na asiye tayari kuubadilisha asiishushe boti majini, kwa maana injini inaweza kung'oka na ukuta wake katikati ya ziwa.

Ufa wa ubavuni husafishwa kwa asetoni, kisha husagwa kwa grainda mpaka faiba nzima ionekane, na kingo zake zichongwe kwa mteremko mrefu. Kipimo kinachotumika ni mara 12 ya unene. Ubavu wa milimita 6 unataka mteremko wa milimita 72 kila upande. Wengi hushtuka: eneo lote hilo kwa ufa mwembamba kama uzi? Ndiyo, kwa sababu faiba mpya haiwi kitu kimoja na ile ya zamani. Inaishikilia kama gundi tu, na inahitaji mahali papana pa kushika. Vumbi la grainda ni kioo. Vaa barakoa ya vumbi laini, miwani na mikono mirefu, na kwenye ploti ngoja kwanza nguo zianuliwe.

Sasa hadena, kigandishi cha rezini. Kwa kawaida huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Usikisie kwa kizibo cha soda, mizani ndogo ya jikoni inatosha. Julai, joto la Nairobi usiku hushuka hadi karibu nyuzi 12, na chini ya nyuzi 15 rezini huzubaa. Kumiminia hadena zaidi si tiba. Fanya kazi jua likiwa juu, au subiri Januari na Februari. Na ukishachanganya usiiache rezini imejaa ndoo: inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja hufuka moshi. Imimine kwenye karai pana, nusu kilo kwa mara moja.

Hapa nasisitiza kuliko popote. Rezini nyingine huuzwa bila kobalti, kichapuzi cha kuganda, nawe unapewa kobalti na hadena katika chupa mbili. Kamwe usizichanganye hizo mbili peke yazo, zinaweza kulipuka. Kobalti huingia kwanza kwenye rezini na kukorogwa mpaka ienee, ndipo hadena ifuate. Muulize muuzaji kama rezini yake tayari ina kobalti. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha: osha kwa maji mengi papo hapo, dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Watoto wakae mbali na chupa hizo, na jiko la makaa lisiwe karibu, maana mvuke wa rezini unashika moto.

Kazi ya kubandika ndiyo inayotaka mikono mingi. Mmoja anapima, mwingine amekwisha kukata vipande vya mati ya nyuzi za kioo vikiwa vikavu na kuvipanga kwa ukubwa, wa tatu anapaka rezini kwa brashi, wa nne anafuata na rola ya kutoa hewa. Mati huingia nyeupe. Ikilowa vyema inakuwa angavu hata unaona kilicho chini yake, na kila doa jeupe linalobaki ni hewa inayopaswa kusukumwa nje kabla rezini haijaanza kuvuta. Uso wa polyesta hubaki ukinata kwa sababu hewa inazuia juu pasigande, na hilo linafaa, tabaka linalofuata linashika vizuri. Tabaka la mwisho tu ndilo linalotiwa nta ili likauke kabisa.

Kabla ya kukodi lori la Naivasha, mimina maji kidogo ndani ya boti, kimo cha vidole vichache, uiache usiku kucha huku karatasi kavu zimetandazwa chini, uone kama inavuja. Halafu uliza Mamlaka ya Bahari ya Kenya kuhusu ukaguzi na usajili wa vyombo vidogo, na ununue jaketi okozi za watu wote walioishika kazi.