Michoro Itoayo Ushahidi

Dhalimu amwagapo damu, kazi yake ya pili ni kuificha habari yake. Ndivyo ilivyokuwa Afrika ya Kusini katika miaka ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Basi jambo lililotendwa mahali ambapo kamera haikuruhusiwa kuingia, vizazi vijavyo vitalionaje?

William Kentridge, mchoraji aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955, ametoa jawabu kwa njia ya filamu za michoro. Mafundi wengi wa filamu hizo huchora karatasi mpya kwa kila tendo. Yeye huchora kwa makaa juu ya karatasi moja, akaipiga picha, akafuta sehemu ndogo, akachora tena na kupiga picha tena. Lakini makaa hayafutiki yote. Hubaki kivuli cha kijivu mahali alipokuwa mtu. Hivyo mtazamaji huyaona yaliyopo na yaliyopita kwa pamoja.

Katika filamu yake Felix in Exile, ya mwaka 1994, mwanamke Mwafrika aitwaye Nandi apima ardhi na kuwachora waliouawa. Maiti zafunikwa kwa magazeti, kisha ardhi yazimeza. Mwisho Nandi naye apigwa risasi, naye amezwa vilevile. Filamu hiyo haitimizi dakika tisa. Imo damu na uchi ndani yake, kwa hiyo haifai kuonyeshwa watoto wadogo. Bali mzazi aweza kuitazama, kisha akawasimulia maana yake.

Nasi Waislamu tunao mfano wetu wa habari iliyofutwa isifutike. Imam Abdullah Haron wa Cape Town alikamatwa tarehe 28 Mei 1969, akazuiliwa siku 123 bila ya kushitakiwa, akafa mikononi mwa polisi tarehe 27 Septemba. Polisi walidai kwamba alianguka ngazini, na uchunguzi wa mwaka 1970 haukumtia mtu yeyote hatiani. Aila yake haikukata tamaa. Mwezi wa Oktoba 2023, miaka 54 baada ya kifo chake, Mahakama Kuu ilitamka kwamba aliteswa na polisi hata akafa.

Wako wasemao kwamba kusimulia mambo haya ni kuchochea chuki. Sivyo. Kentridge mwenyewe ni Mzungu, na baba yake, Wakili Sydney Kentridge, ndiye aliyeitetea aila ya Steve Biko katika uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu atuamrisha kushuhudia haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ndugu wazazi, yatupasa kuwasimulia watoto wetu dhuluma jinsi ilivyokuwa, bila ya kuwafundisha kuichukia rangi ya mtu. Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Haron, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.