Printa Ipo Isevya, Karatasi Zimetoka Dar

"Dada, hizi hati za mishahara zilizotoka kwenye printa yetu ni zako?"

Simu imepigwa kutoka Dar es Salaam. Anayeulizwa amekaa Isevya, katika Manispaa ya Tabora, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo. Mbele yake kuna printa iliyowashwa, ina karatasi, ina wino, na tangu asubuhi haijatoa hata ukurasa mmoja. Mikasa ya namna hii wanaijua vizuri watu wanaofanya kazi kwenye kompyuta iliyo mbali: mhasibu wa tawi, karani wa chama cha ushirika, kijana wa steshenari anayemsaidia mteja kufungua mfumo wa ofisi yake. Wengi huanza kwa kuilaumu printa. Huizima na kuiwasha, huchomoa waya na kuuchomeka tena, mwisho humwita fundi. Mara nyingi printa haina kosa lolote.

Mtu anapoingia kwenye kompyuta ya makao makuu kwa Remote Desktop ya Windows, anachokiona kwenye kioo chake ni picha tu. Programu ya hesabu haipo Isevya, inafanya kazi ndani ya seva huko Dar. Kinachosafiri kwenda ni herufi anazobonyeza na mwendo wa kipanya. Kinachorudi ni picha ya skrini. Kwa hiyo akibonyeza kitufe cha kuprinti, amri inatekelezwa Dar, na seva inatafuta printa miongoni mwa zile inazozijua. Ile iliyo mezani Isevya haiijui mpaka ijulishwe. Kama inayoijua ni ya ofisi ya Dar peke yake, karatasi zitatokea huko, na mishahara ya watu itasomwa na kila apitaye.

Mji wa Tabora una kisa cha zamani kinachofanana sana na hiki. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari David Livingstone, alipofika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na msafara wake kutoka Bagamoyo, alikuta kifurushi cha barua za kwenda kwa Livingstone chenye tarehe ya 1 Novemba 1870. Mchukuzi wake aliitwa Kaif Halek. Barua zilikuwa zimetoka Unguja salama, zimevuka Ugogo, zimefika Unyanyembe, zikakaa hapo, huku mwenyewe akiwa mbele zaidi, ng'ambo ya Ujiji. Stanley alimchukua Kaif Halek kwenye msafara wake, na barua zilipomfikia Livingstone zilikuwa zimemaliza takriban mwaka mzima tangu ziondoke Unguja. Safari ndefu na ngumu haikuzishinda. Zilikwama pale zilipotakiwa kuinuliwa tena kwa safari ya mwisho.

Kazi ya kuprinti kutoka mbali nayo hukwama kwenye makabidhiano. Programu inaikabidhi kwa mpanga-foleni wa seva, huduma inayoitwa Print Spooler. Mpanga-foleni anaikabidhi kwa muunganisho wa Remote Desktop, unaoileta Tabora. Kompyuta ya Isevya inaipokea na kuikabidhi kwa printa. Ukaguzi unaanzia upande wa karibu, kwa sababu huko ndiko mtumiaji ana mamlaka.

Kwanza printa ijaribiwe bila seva. Aliyeko Isevya atoe ukurasa mmoja kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ukigoma, tatizo ni la hapohapo, na hakuna haja ya kupiga simu Dar. Ukitoka, afunge muunganisho na kufungua upya dirisha la Remote Desktop kabla ya kuingia, abonyeze "Show Options", kisha "Local Resources", aangalie kama alama ya tiki ipo kwenye "Printers". Tiki hiyo ndiyo ruhusa ya kuichukua printa ya nyumbani na kwenda nayo kwenye seva. Ni ajabu ni mara ngapi jambo linaishia hapo. Mtu mwingine aliyetumia kompyuta hiyo aliiondoa, au faili la muunganisho lililotumwa kutoka ofisini lilikuja bila hiyo tiki.

Akishaingia, atazame orodha ya printa ndani ya seva. Printa iliyosafiri naye huonekana kwa jina lake la kawaida, na mwishoni kuna neno "redirected" na namba katika mabano. Namba hiyo ni ya kikao, na imewaliza watu wengi. Jana kikao kilikuwa cha 3, leo ni cha 5. Programu nyingi za hesabu na za mauzo hukariri jina kamili la printa, namba ikiwemo, hivyo asubuhi hii programu inamtafuta mtu ambaye jina lake limebadilika usiku. Nyingine hutoa ujumbe wa kosa. Nyingine, na hizi ndizo mbaya zaidi, hunyamaza na kwenda kwenye printa yoyote iliyo ya kwanza, na hapo ndipo simu ya Dar inapopigwa. Dawa yake ni kuipanga programu itumie printa ya msingi ya kikao badala ya printa iliyotajwa kwa jina, kisha printa ya Isevya iwekwe kuwa ya msingi kwenye kompyuta ya Isevya.

Kuna kosa lingine dogo linalofanana na hilo. Kufunga dirisha kwa alama ya msalaba hakumtoi mtu kwenye seva. Kikao kinabaki wazi kikimsubiri. Akirudi kesho kwa kompyuta nyingine, anaweza kukuta printa ya kompyuta ya jana bado imeandikwa pale ingawa haifikiki. Atoke kwa "Sign out", awashe printa, ndipo aunganishe upya.

Kama jina la printa halionekani kabisa, au linaonekana lakini kazi zinaganda kwenye foleni, suala linahamia kwenye draiva, programu ndogo inayojua lugha ya printa husika. Zamani seva ilihitaji kuwa na draiva ya kila printa ya kila tawi, na draiva moja mbovu iliweza kuangusha foleni ya ofisi nzima. Kuanzia Windows Server 2008, Microsoft iliweka Easy Print: seva inaandaa ukurasa katika muundo wa jumla, na kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayoutafsiri kwa printa yake. Kwa hati za kawaida inatosha. Kwa printa ndogo za risiti huwa haitoshi, maana hizo zinahitaji amri zake za kukata karatasi na kufungua droo ya fedha, na seva hulazimika kuwa na draiva yake yenyewe. Tena, kama printa inawaka taa ya njano na kungoja bila sababu, atazame ukubwa wa karatasi. Seva iliyopangwa kwa karatasi ya Kimarekani ya Letter itaiomba printa karatasi ambayo ni adimu kwenye maduka ya Tabora, wakati kwenye trei kuna A4.

Mtandao nao una sehemu yake. Ukurasa ulioandaliwa na Easy Print unaweza kuwa mzito kuliko hati yenyewe, hasa wenye nembo na picha, na kwenye kifurushi cha simu utachukua dakika kadhaa. Anayebonyeza mara tano kwa kukosa subira atapata nakala tano.

Yapo mambo ambayo fundi wa Isevya hawezi kuyagusa. Seva inaweza kuwa imekatazwa kupokea printa za nje, na mara nyingi kuna sababu. Mwaka 2021 Print Spooler ilikutwa na tundu kubwa la kiusalama, lililopewa jina PrintNightmare, lililoweza kumpa mvamizi mamlaka juu ya kompyuta nzima. Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura mwezi Julai, na Agosti ikaamua kwamba kusakinisha draiva za printa kutahitaji mamlaka ya msimamizi. Baadhi ya wasimamizi waliizima huduma hiyo kwenye seva zao. Wengine hufunga njia ya printa ili orodha za wateja au mishahara zisitolewe steshenari, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawapa hoja nzito.

Pale ambapo kazi haiwezi kusubiri na ofisi inaruhusu, njia ya mkato ipo: ndani ya seva achague "Microsoft Print to PDF", anakili faili hilo hadi kwenye kompyuta yake, aliprinti kutoka hapo. Likiwa na taarifa za watu, alifute baadaye, hasa kwenye kompyuta ya umma.

Tabora ni mji wa makarani. Chuo chake cha Uhazili, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kimetoa makatibu waliotumikia ofisi za nchi nzima. Watu wa kazi hiyo hawastahili kukaa siku nzima wakihangaika na waya, wakati jibu liko kwenye seva iliyofungwa na mtu asiyewaambia. Wasimamizi wa mifumo, mnapomfungulia mfanyakazi wa mkoani akaunti ya Remote Desktop, mwandikieni siku hiyohiyo: printa inaruhusiwa au hairuhusiwi, na kama hairuhusiwi, hati zitamfikia kwa njia gani. Kisha kaeni naye kwenye simu mpaka ukurasa wa kwanza wa majaribio utoke kwenye printa iliyo mbele yake.