Visiwa vya Ngazija na Serikali ya Zamu

Mtu akisimama ukingoni mwa Menengai, akaupa mgongo mji wa Nakuru na kulitazama shimo lile kubwa lililo chini yake, huwa yuko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Lakini mji wenyewe umo karibu mita 1,850, na kwa hiyo mlima aliopanda ni mita mia nne na kitu tu. Uko mlima mwingine wa namna hiyo hiyo, wenye shimo kileleni, uitwao Karthala. Urefu wake ni mita 2,361, yaani karibu sawa na Menengai, ila Karthala umeota baharini, na mtu aishiye chini yake hana budi kuupanda wote. Tena Menengai umelala, na mvuke wake hupatikana kwa kuchimba visima virefu. Karthala ungali hai, na ulitoa moto na majivu mwaka 2005, 2006 na 2007.

Mlima huo uko katika kisiwa cha Ngazija, kisiwa kikubwa cha nchi ya Komoro, kwenye mlango wa kaskazini wa mkondo wa bahari ulio kati ya Msumbiji na Madagaska. Watu wa Mombasa na Unguja tangu zamani huviita visiwa vyote vya huko kwa jina la kisiwa hicho kimoja, na kila atokaye huko humwita Mngazija, hata akiwa ni mzaliwa wa Nzwani; jambo ambalo yamkini Mnzwani halifurahii. Visiwa vyenyewe ni vinne: Ngazija, wenye mji mkuu wa Moroni, Nzwani, Mwali, kilicho kidogo kupita vyote, na Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Vitatu vya kwanza ndivyo dola huru. Cha nne kimeshikwa na Ufaransa, na habari yake itafuata.

Visiwa hivyo vitatu vikiunganishwa pamoja ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,860 hivi, na Kaunti ya Nakuru pekee ni kubwa mara nne kuliko hivyo. Watu waliohesabiwa huko mwaka 2017 walikuwa 758,316. Kwa hiyo wamesongamana kuliko sisi, na Nzwani, ambako milima ina miteremko mikali, wamesongamana zaidi. Karibu wote ni Waislamu. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili: maji kwao ni madji, na Mswahili akikaa nao majuma machache atashika mengi, ingawa siku ya kwanza atadhani kuwa anaelewa kila neno na kumbe haelewi hata nusu.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mkulima wa Bonde la Ufa akifika Ngazija ni kwamba kisiwa kile hakina mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Si kwamba mvua hainyeshi. Hunyesha sana, hasa upande wa magharibi wa Karthala. Lakini mawe ya mlima wa moto yana matundu kama sifongo, na maji huzama papo hapo. Sisi tulio karibu na Menengai twalijua jambo hili kwa kiasi, kwa maana majivu ya kale hunywa mvua upesi, na mara nyingine ardhi ya Nakuru hupasuka na kutitia wakati wa mvua kubwa. Huko Ngazija maji yaliyozama hutokea pwani kabisa, yakichanganyika na chumvi ya bahari. Kwa sababu hiyo watu wa vijijini wamejenga mabirika ya mawe na saruji kando ya nyumba, na mvua ya paa ndiyo wanywayo. Mwezi wa Novemba 2005 Karthala ulipomwaga majivu, hapakuwa na haja ya moto kufika nyumbani kwa mtu ili kumdhuru: majivu yaliingia katika mabirika, na watu wengi mno wakakosa maji ya kunywa.

Nzwani hali ni kinyume. Udongo wa huko ni wa zamani zaidi, unashika maji, na mito ilikuwa mingi. Lakini mingi kati ya hiyo sasa hukauka wakati wa kiangazi, kwa kuwa misitu ya vilele imekatwa ili watu wapate mashamba na kuni. Mtu wa Njoro hahitaji kuelezwa habari hiyo kwa urefu. Ameuona mto wake mwenyewe, utokao Mau ya Mashariki na kuingia Ziwa Nakuru, ukigeuka kuwa mto wa msimu.

Sehemu kubwa ya kuni hizo huko Nzwani huenda katika kazi moja ya ajabu, nayo ni kupika maua. Mlangilangi ni mti wenye maua ya manjano yanayonukia, na Komoro ndiyo nchi ijulikanayo kuliko zote kwa mafuta yake. Mti huo ukiachwa huwa mrefu sana, lakini wakulima huukata kilele na kuinamisha matawi, ukabaki wa kimo cha mtu ili wanawake waweze kuchuma wakiwa wamesimama chini. Huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijaiondoa harufu. Kisha maua hutiwa katika mtungi mkubwa wa chuma au shaba, maji yakachemshwa, na mvuke ukapitishwa katika bomba lililopozwa ili mafuta yatengane na maji. Moto huo huwaka saa nyingi, pengine mchana kutwa na usiku kucha. Mafuta huuzwa Ufaransa kwa watengenezaji wa manukato.

Zao la pili ni vanila, nalo lina taabu kuliko langilangi. Ni mmea utambaao juu ya mti mwingine. Asili yake ni Meksiko, ambako wadudu hulipandisha ua. Wadudu hao hawako katika bahari yetu. Unga wa kiume na mdomo wa kike vimo katika ua moja, lakini vimetengwa na ngozi nyembamba, na ua lenyewe hufunguka siku moja tu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mvulana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, alionyesha jinsi ya kuinua ngozi hiyo kwa kijiti na kuvigusanisha viwili hivyo kwa kidole gumba. Hata leo kila ganda la vanila litokalo Ngazija limeanza kwa kidole cha mtu. Baada ya miezi tisa huvunwa, hutiwa katika maji ya moto, huanikwa mchana na kufunikwa usiku kwa majuma mengi, hata kilo tano au sita za maganda mabichi zikawa kilo moja kavu, nyeusi na yenye kunukia.

Zao la tatu ni karafuu, ambazo wasomaji wazijua kwa habari za Unguja na Pemba.

Ukiondoa mazao hayo matatu, ni kidogo sana Komoro inachouza nje. Mchele huagizwa ng'ambo, nyama kadhalika, na mafuta ya kuendeshea mitambo ya umeme. Na bei ya mazao hayo haipangwi Moroni. Madagaska, jirani yao mkubwa, hutoa vanila nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Kimbunga kikiharibu mashamba ya Madagaska, mkulima wa Ngazija hutajirika, na Madagaska wakivuna vizuri yeye hufilisika. Mwaka 2003 bei ilipanda kupita kiasi. Haukupita muda mrefu ikaporomoka, na waliokuwa wamepanda miche mipya wakaachwa na miche yao. Mkulima wa Molo aliyekuwa na pareto atajisomea mwenyewe hapo. Yeye naye alikuwa akichuma ua kwa mkono ili liuzwe ng'ambo, na Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kisha malipo yakachelewa, mashamba ya Australia yakachukua soko, naye akang'oa pareto na kupanda viazi. Lakini mkulima wa Molo alikuwa na mahali pa kupanda viazi.

Kinachoizuia Komoro isianguke ni fedha za watoto wake walioko Ufaransa, hasa katika mji wa Marseille. Fedha hizo hushinda kwa mbali zile za mazao. Sehemu kubwa ya fedha hizo hujenga nyumba na kulipia harusi, na hapa ndipo msomaji apaswapo kutazama kwa makini, maana katika Ngazija harusi ni jambo la serikali.

Mila hiyo huitwa ada, yaani harusi kuu. Mwanamume aweza kuoa bila hiyo, akazaa watoto na kuwa na kazi nzuri, lakini katika mji wake atahesabiwa kuwa ni mwana wa mji tu. Siku atakapofanya harusi kuu, akatoa dhahabu, akachinja ng'ombe, akalisha mji mzima kwa siku nyingi, ndipo atakuwa mdru mdzima, maana yake mtu mzima. Hapo atakaa mbele msikitini, na atasema katika bangwe, ule uwanja wa mji ambako mashauri hukatwa. Watu hujiwekea akiba kwa miaka ishirini kwa ajili ya siku hizo. Na nyumba haijengwi na mume: hujengwa na wazazi wa mke kwa ajili ya binti yao, nayo hubaki mali ya binti na ya mabinti zake. Mume ndiye ahamiaye. Najua kuna wazee wa huku kwetu watakaosoma maneno haya mara mbili.

Sasa juu ya serikali. Ufaransa ilichukua Maore mwaka 1841 na visiwa vingine mwaka 1886. Mwezi wa Desemba 1974 watu walipiga kura ya uhuru. Visiwa vitatu vilikubali karibu vyote, lakini Maore wengi walikataa. Tarehe 6 Julai 1975 uhuru ulitangazwa kwa visiwa vyote vinne, na Ufaransa ikabaki Maore. Bendera ya Komoro ina nyota nne hadi leo. Maore imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu mwaka 2011, wenye hospitali na mishahara ya Kifaransa, na ni kilomita 70 tu kutoka Nzwani. Tangu mwaka 1995 Mkomoro hawezi kuingia huko bila viza, na wasio nayo huvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Watu wengi wamekufa maji katika safari hiyo, na miongoni mwao wako akina mama waliokuwa wakienda kujifungua.

Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, alipinduliwa kabla ya mwezi mmoja kwisha. Ali Soilih aliyetawala baadaye alijaribu kufuta gharama za harusi kuu na kuwapa vijana madaraka ya wazee. Naye aliuawa mwaka 1978 baada ya kupinduliwa na askari wa kukodiwa walioongozwa na Mfaransa Bob Denard. Abdallah akarudishwa, akauawa mwaka 1989. Tena mwaka 1997 Nzwani na Mwali zikatangaza kujitenga. Malalamiko yao yalikuwa kwamba fedha huingia Moroni na hazitoki. Nzwani hata iliomba itawaliwe tena na Ufaransa, ikakataliwa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa katiba ya mwaka 2001, na ndiyo sababu ya makala hii. Urais ulifanywa kuwa wa zamu. Kisiwa chenye zamu hupiga kura peke yake kwanza na kuchagua watu watatu. Kisha nchi nzima huchagua mmoja katika hao. Hivyo kila rais hutoka kisiwa kimoja lakini huhitaji kura za visiwa vyote. Kila kisiwa kilipewa serikali yake na rais wake pia, na nchi hii ndogo ikawa na marais wanne kwa wakati mmoja, gharama ambayo hakuna hazina iwezayo kuibeba. Mwaka 2009 marais wa visiwa wakageuzwa magavana, mfano wa gavana wa kaunti zetu.

Azali Assoumani wa Ngazija alianza mwaka 2002. Mwaka 2006 alimpa nafasi Ahmed Abdallah Sambi wa Nzwani, na kwa mara ya kwanza urais ukapokezwa kwa amani. Si kwamba mambo yalinyooka yote. Mwezi wa Machi 2008, wakati ambapo watu waliofukuzwa makwao walikuwa wangali katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, majeshi ya Umoja wa Afrika, pamoja na askari wa Tanzania na Sudan, yaliteremka Nzwani kumwondoa Mohamed Bacar aliyekataa kuachia madaraka ya kisiwa. Lakini zamu iliendelea. Mwaka 2011 ikafika Mwali, na Ikililou Dhoinine akawa rais, ingawa kisiwa chake kina watu wachache mno hata kisingeweza kushinda uchaguzi wa kawaida abadan.

Mwaka 2016 zamu ilirudi Ngazija, na Azali akashinda tena. Kisha mwezi wa Julai 2018 kukawa na kura ya kubadili katiba, ambayo wapinzani waliisusia. Kwa katiba mpya zamu haikufutwa, lakini rais aweza kushika vipindi viwili vya miaka mitano kabla haijahama. Watu wa Nzwani, waliokuwa wakiingojea mwaka 2021, walisema wamenyang'anywa, na Oktoba mwaka huo palikuwa na mapigano ya bunduki katika mji wa kale wa Mutsamudu. Azali alitangazwa mshindi mwaka 2019 na tena Januari 2024, huku wapinzani wakilalamika juu ya hesabu ya kura. Kipindi chake kinakwisha mwaka 2029, na hapo ndipo zamu itakapopaswa kuondoka Ngazija.