Uasili na Ugeuzaji katika Ufufuaji wa Magari ya Kale: Mfano wa Kitui na Makueni

Utangulizi

Wahenga waliasa kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hao hao wakanena pia kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Baina ya methali hizi mbili pana mvutano wa siku nyingi kati ya kukihifadhi cha kale jinsi kilivyokuwa na kukigeuza ili kilingane na wakati. Wanafunzi wa Kiswahili wanaufahamu mvutano huu kupitia mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970. Ni nadra, hata hivyo, kuutafuta katika gereji. Makala haya yananuia kufafanua namna mvutano huo unavyojitokeza katika ufufuaji wa magari ya kale, hususan katika kaunti za Kitui na Makueni, na kuonyesha kwa nini suala linaloonekana kuwa la mafundi peke yao linawahusu pia wasomi wa lugha na fasihi.

Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, ni vyema kutofautisha maneno manne ambayo katika mazungumzo ya kawaida hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kuhifadhi ni kulizuia gari lisizidi kuharibika bila kuondoa alama za umri wake: kutu hukomeshwa, lakini rangi iliyochujuka na kiti kilichochakaa huachwa vilivyo. Kukarabati ni kutengeneza kilichovunjika ili gari lipate kwenda. Kufufua ni kulirudisha gari katika hali lililokuwa nayo siku lilipotoka kiwandani, hadi kwenye rangi, kitambaa cha viti na aina ya misumari. Kugeuza ni kulitia gari kitu ambacho mtengenezaji wake hakukikusudia, kama vile injini ya kampuni nyingine, au breki za diski mahali palipokuwa na breki za dramu. Ugomvi mkubwa umo katika maneno mawili ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi mtu hudai amefufua ilhali amegeuza.

Chimbuko la Mjadala

Mjadala huu umevuma zaidi nchini Marekani, hasa kuhusu yale yaitwayo magari ya misuli. Haya ni magari ya ukubwa wa wastani yaliyotiwa injini kubwa za silinda nane. Wengi hulitaja Pontiac GTO la mwaka 1964, lenye injini ya takriban lita 6.4, kuwa ndilo lililoanzisha mtindo huo. Gharama za bima, sheria za kudhibiti moshi na uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 viliuzima mtindo wenyewe, lakini magari yaliyobaki yakawa hazina kwa wakusanyaji.

Wakusanyaji hao wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hushikilia uasili. Kwao, gari lenye thamani ni lile ambalo nambari za injini na giaboksi zinaoana na za bodi yake, na likibadilishwa injini hushuka bei hata kama injini mpya ni bora kuliko ya zamani. Kundi la pili hushikilia matumizi. Hilo huliacha umbo la nje lilivyo, kisha hutia breki, usukani na mfumo wa mafuta wa kisasa ili gari liendeshwe kila siku bila hofu.

Mjadala wenyewe una undugu na ule wa uhifadhi wa majengo. Mwaka huo huo wa 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice nchini Italia na kutoa hati iliyoshikilia kwamba ufufuaji sharti ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba kilichoongezwa kitambulikane na cha kale. Miongo kadhaa baadaye, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliyachukua mawazo hayo na kuyaingiza katika hati yake iitwayo Hati ya Turin.

Hali ilivyo Kenya

Anayetafuta GTO katika barabara za Kitui atatafuta sana. Magari ya Marekani yana usukani upande wa kushoto, na kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu magari ya kawaida ya usukani huo wala magari yaliyotumika yaliyozidi miaka minane. Hata hivyo, gari la jamii hiyo limewahi kuacha alama katika eneo hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya magari ya kale kuadhimisha miaka 50 ya Safari. Mwaka 2009 mashindano hayo ya kale yalishindwa na Ian Duncan wa Kenya akiendesha Ford Mustang. Gari la mashindano ya namna hiyo huinuliwa, hutiwa bamba la chuma chini ya injini na ngome ya mabomba ndani. Kwa hiyo, gari hilo la kale lilishinda kwa kuwa lilikuwa limegeuzwa. Kwa upande mwingine, Nairobi kuna mashindano ya umaridadi wa magari yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu mwaka 1970, ambako gari husifiwa kwa usafi na utunzaji wake. Nchi ni moja, lakini mizani ni miwili.

Magari ya Ukambani

Ukambani una magari yake ya kale. Kwanza ni Land Rover, lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 na kutumiwa na maafisa wa utawala, wamishonari na wataalamu wa mifugo. Pili ni malori ya Bedford. Tatu ni Peugeot 404, lililoshinda Safari mwaka 1963 na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na mrithi wake Peugeot 504, lililotoka mwaka 1968 na likashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Ushindi huo ulikuwa tangazo kubwa kwa mkulima aliyehitaji gari la kuhimili mashimo na vumbi. Zaidi ya hayo, 504 liliunganishwa humu humu nchini, jambo lililorahisisha upatikanaji wa vipuri.

Hali ya hewa ya Kitui na Makueni nayo ina athari zake. Ukavu hupunguza kasi ya kutu, tofauti na Mombasa ambako hewa ya chumvi hula mabati. Gari lililoachwa chini ya mwembe huko Wote au Mutomo linaweza kukaa miaka mingi na bado bodi yake ikafaa. Lakini jua hupasua mipira na kukausha viti, na vumbi hupenya kwenye beringi na kabureta. Land Rover huongeza utata mwingine: bodi yake ni ya aloi ya alumini isiyoshika kutu ya chuma, ilhali chasisi iliyo chini yake ni ya chuma. Fundi hukuta gari linalopendeza machoni huku uti wa mgongo wake umeoza.

Hapo ndipo uamuzi mgumu huanzia. Vipuri asilia vya Peugeot au Land Rover la miaka ya 1960 ni adimu na ghali. Injini ya dizeli ya Toyota, Nissan au Isuzu iliyokwisha kutumika hupatikana kwa urahisi, na kila fundi wa jua kali anaijua. Mwenye gari anayetaka kusafirisha maembe hadi sokoni hana sababu ya kungoja kabureta kutoka Ufaransa. Kwake, kugeuza ndiko kulikoliokoa gari lisikatwe na kuuzwa kwa kilo. Mwenye kushikilia uasili hana budi kuikubali hoja hii, kwa kuwa gari lililokwisha kuwa chuma chakavu halina uasili wowote wa kutetewa.

Asili ni ipi?

Swali gumu zaidi hujitokeza kuhusu Peugeot zilizokuwa matatu. Baada ya serikali kuruhusu matatu rasmi mwaka 1973, mafundi wa Kenya walizichukua pikapu na kuziundia nyuma vibanda vya bati vyenye mabenchi mawili, abiria wakakaa wakitazamana. Magari hayo ndiyo yaliyowapeleka watu sokoni, shuleni, hospitalini na matangani. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 na kudai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, zilizidi kuyasukuma pembeni.

Sasa mtu akilipata gari moja la aina hiyo Mwingi au Emali na kutaka kulifufua, alirudishe wapi? Akifuata kiwanda, atakibomoa kibanda, na pamoja nacho kazi ya mikono ya mafundi wa Kenya na kumbukumbu ya abiria wake. Akikiacha, mshikilia uasili wa Ulaya atasema gari limegeuzwa. Ni dhahiri kuwa asili ya kitu haipatikani tu mahali kilipozaliwa. Kipo pia kile kilichokuwa asili kwa watu waliokitumia. Mfano wa karibu ni kiondo cha Kikamba. Nyuzi za mbuyu zilifuatwa na katani, kisha zikaja nyuzi za rangi za viwandani na mikanda ya ngozi, wala hakuna anayedai kuwa kilichosukwa si kiondo.

Fundisho kwa Mhariri wa Matini

Msomi wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kulitambua tatizo hili. Hati za kale za pwani, kama ile ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa mapokeo hazikuzitenga waziwazi irabu e na i, wala o na u. Anayezinukuu kwa hati za Kilatini hulazimika kuchagua, na kila chaguo ni kipuri kipya katika injini ya kale. Akibadilisha pia neno la Kiamu kwa neno la Kiswahili sanifu ili msomaji wa leo aelewe, amefanya alichofanya fundi wa Kitui: ameliwezesha gari kwenda, lakini si injini ile tena. Vivyo hivyo, Amri Abedi alipozifafanua sheria za utunzi mwaka 1954 na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ugomvi uliofuata baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulikuwa juu ya sehemu gani ya chombo ikiondolewa, chombo huacha kuitwa shairi.

Kutokana na hayo, vigezo vitatu vinaweza kuongoza fundi na mhariri sawia. Kwanza, badiliko liwe la kurudishika inapowezekana. Injini inayofungwa kwa bolti kwenye vishikizo vyake ni afadhali kuliko ile iliyokatiwa chasisi ili itoshe, na kiungo kilichotolewa kihifadhiwe, kisitupwe. Pili, badiliko liandikwe. Sheria ya Trafiki ya Kenya huamuru badiliko la injini, rangi au bodi lisajiliwe, na mhariri naye huonyesha tofauti za miswada katika tanbihi. Tatu, badiliko lisifichwe. Gari lenye injini ngeni haliuzwi kama lililotoka kiwandani, wala utenzi uliosanifishwa hauchapishwi kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uasili na ugeuzaji si njia mbili ambazo lazima mtu achague moja na kuilaani nyingine. Gari adimu ambalo halijaguswa linastahili kuhifadhiwa, na gari la kazi lililokosa vipuri linastahili kugeuzwa ili liishi. Linaloumiza ni kugeuza bila kumbukumbu, kwani kizazi kijacho hakitajua kilichokuwapo. Kitui na Makueni bado kuna mafundi waliozijua injini za 404 na Bedford kwa kuzisikiliza tu, na wengi wao ni wazee. Magari yao hukatwa na kupimwa kwa mizani ya vyuma chakavu, na maarifa yao, pamoja na msamiati walioubuni kwa kila kiungo, hayajaandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta uwanja wa utafiti hana haja ya kwenda mbali. Aende gereji na daftari kabla mlio wa mwisho haujazimika.